Kabla Hujashika Msasa: Mwongozo wa Kukusanya na Kutunza Vipande vya Ndege za Mabomu

Kwa miaka mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuku wa mkulima mmoja kisiwani Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, walikuwa wakilala ndani ya ndege ya mabomu. Banda lao lilikuwa kipande cha kiwiliwili cha Halifax namba HR792, iliyopata ajali huko Stornoway mwezi Januari 1945. Mkulima alikinunua kama watu wanavyonunua mabati chakavu, akakipeleka shambani kwake. Miaka ya 1980 Makumbusho ya Ndege ya Yorkshire, yaliyoko Elvington, yakapata habari na kukichukua. Mabawa yakatolewa kwenye ndege ya usafirishaji aina ya Hastings, iliyotoka kwa kampuni ileile ya Handley Page, na sehemu nyingine zikatafutwa hapa na pale au zikaundwa upya. Ijumaa ya tarehe 13 Septemba 1996 Halifax nzima ikatolewa karakanani mbele ya watu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Halifax zilitengenezwa 6,176, na leo hakuna hata moja inayoruka. Lancaster zilitengenezwa 7,377. Zinazoruka ni mbili tu, moja ya kikosi cha kumbukumbu cha Jeshi la Anga la Uingereza pale Coningsby, na nyingine ya makumbusho ya Hamilton, Kanada. Short Stirling, ndege ya kwanza ya mabomu yenye injini nne kuingia vitani upande wa Waingereza, haikubaki hata moja iliyo nzima duniani. Nyingi ziliangushwa, lakini hata zilizorudi salama hazikudumu. Aluminiamu ilihitajika, ndege zikakatwakatwa na kuyeyushwa. Marekani nayo ilifanya hivyohivyo huko Kingman, Arizona, ambako maelfu ya ndege, B-17 na B-24 zikiwamo, zilipangwa jangwani zikisubiri tanuri.

Ndiyo maana leo mtu mwenye akili timamu anatoa pesa nzuri kununua swichi moja, kiti kilichochanika au kipande cha bati chenye ribiti kumi na mbili. Makala haya yanamlenga anayeanza: aliyekuta kitu kwenye stoo ya nyumba aliyopanga Uingereza, aliyerithi sanduku la mzee, au aliyevutiwa tu na mitambo ya zamani na anataka kuikusanya bila kujidhuru wala kuvunja sheria. Nimechagua kukaa zaidi na ndege za Uingereza kwa sababu ndiko soko la vipande hivi lilikokolea, na ndiko sheria zake ziliko wazi.

Rai yangu niiseme mapema. Kipande kisichojulikana kilikotoka kina thamani ya uzito wake wa skrepa, na mengi yanayoitwa ukarabati hufuta hichohicho kinachokipa kipande thamani. Kwa hiyo anza na maswali, msasa uje mwisho, tena ikibidi.

Vinakopatikana, na visikopaswa kuchukuliwa

Baada ya vita, serikali ya Uingereza iliuza mali ya ziada kwa bei ya kutupa. Wakulima walikuwa wateja wakubwa. Magurudumu ya mkiani yalifungwa kwenye mikokoteni, vioo vya plastiki vikawa madirisha ya vibanda vya miche, matangi yakahifadhi maji ya ng'ombe. Mpaka leo vitu vizuri kabisa hutoka kwenye mabanda ya Lincolnshire na Yorkshire, mikoa iliyojaa viwanja vya ndege za mabomu wakati wa vita. Njia ya pili ni minada na magulio ya wapenda ndege. Makumbusho ya Newark, yaliyo kwenye uwanja wa zamani wa mafunzo ya marubani wa ndege za mabomu, hukusanya watu wa namna hii, wakiwamo wanaokuja na vyumba vizima vya rubani juu ya matrela yao. Ukienda sehemu kama hiyo, zunguka kwanza mikono ikiwa mfukoni. Sikiliza watu wanavyobishana juu ya skrubu moja, utajifunza kuliko vitabu vitatu.

Kinachokatazwa ni kuchukua kitu mahali ndege ilipoanguka. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi. Ndege yoyote iliyoanguka ikiwa katika utumishi wa kijeshi, iwe ya Mwingereza, Mmarekani au Mjerumani, iwe imeanguka nchi kavu au katika maji ya Uingereza, inalindwa. Kuchimba, kusogeza au kuondoa kipande chake bila leseni ya Wizara ya Ulinzi ni kosa la jinai, hata kama shamba ni lako. Leseni haitolewi pale inapodhaniwa kuna miili ya watu au silaha ambazo hazijalipuka. Na ukipewa leseni, bado unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Marekani nayo ina sheria ya mwaka 2004 inayolinda meli na ndege zake za kijeshi zilizozama, popote zilipo.

Sheria hizi zina sababu. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilipoteza watu 55,573. Lancaster moja ilibeba watu saba, na zaidi ya Lancaster 3,200 zilipotea katika operesheni. Maelfu ya watu hao hawakupatikana. Mwaka 2020 Uholanzi ilitoa mabaki ya Stirling namba BK716 kutoka chini ya ziwa la Markermeer, na ndani ya tope yalikuwamo mabaki ya binadamu pamoja na vitu vidogo vya watu waliopotea tangu Machi 1943. Anayekwenda usiku na kipima chuma kutafuta bati la kupamba ukuta anafukua kaburi, na jina jingine halipo.

Ukiuziwa kitu kilichochimbwa, uliza namba ya leseni. Mchimbaji mwaminifu anayo, na anajua ndege ilikuwa ipi na nani walikuwa ndani yake. Mwuzaji akianza kuzungukazunguka, rudisha pochi mfukoni.

Kukitambua ulichonacho

Vitu vingi vinauzwa kwa jina la Lancaster kwa sababu jina hilo huuza. Ukweli ni kwamba saa ya kupimia kimo cha ndege angani, dira, swichi na soketi zilitengenezwa kwa ndege za aina nyingi. Saa moja ingeweza kufungwa kwenye Lancaster, Halifax au ndege ndogo ya kivita, na ikitolewa kwenye paneli hakuna wa kuapa ilikotoka. Mkusanyaji mkweli huandika kwenye lebo yake kwamba kifaa ni cha aina iliyotumika kwenye Lancaster. Maneno hayo yanapunguza bei, lakini hayamwaibishi mtu.

Anza na alama. Tafuta taji dogo lenye herufi AM, yaani Wizara ya Anga. Karibu nayo utaona namba ya bohari: inayoanza na 6A huwa kifaa cha kupimia mambo ya urukaji, 5C ni vifaa vya umeme, na zinazoanza na 10 ni za redio. Vipande vya kiwiliwili na mabawa vina namba za michoro ya kiwanda. Za Halifax mara nyingi huanza na 57, kwa sababu kiwandani ndege hiyo iliitwa HP.57, za Mosquito huanza na 98, kwa sababu ilikuwa DH.98. Kando ya namba kuna mihuri midogo ya wakaguzi, mingine ya duara, mingine ya mstatili, ambayo kila kiwanda kilikuwa na yake. Usiisugue. Mulika tochi kwa upande ili mwanga ulale juu ya bati, na alama zilizofichwa na rangi zitajitokeza kwa vivuli vyake.

Tazama pia tarehe. Lancaster ilizaa Lincoln, Lincoln ikazaa Shackleton, na Shackleton ziliendelea kuruka hadi mwaka 1991. Vifaa vingi vya ndani vilirithiwa hivyohivyo, kwa hiyo kifaa chenye muhuri wa 1951 hakikupigana na Hitler, mwuzaji aseme atakavyo. Kwa msomaji wa Kenya jambo hili lina uzito wa peke yake. Kati ya mwaka 1953 na 1955 ndege za Lincoln zilitumwa Eastleigh, Nairobi, zikadondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya katika vita dhidi ya Mau Mau. Ukinunua paneli ya swichi za mabomu ya miaka hiyo kwenye gulio la Kiingereza, huenda umeshika kitu kilichopita juu ya vichwa vya babu zako. Wauzaji wengi hawana habari, na orodha za minada haziandiki hivyo.

Ukipata namba ya ndege yenyewe, yaani herufi moja na tarakimu nne au herufi mbili na tarakimu tatu, milango inafunguka. Daftari za kila siku za vikosi zimehifadhiwa Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, katika kundi la AIR 27. Makumbusho ya Jeshi la Anga yanatunza kadi zinazoonyesha kila ndege ilihamia kikosi gani na lini. Kituo cha kumbukumbu cha kamandi ya ndege za mabomu mjini Lincoln, kilichofunguliwa mwaka 2018, kina orodha ya waliokufa inayosomeka bure mtandaoni. Kwa mchana mmoja unaweza kupata majina saba na usiku waliopotea.

Vinavyoua polepole

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanaoanza wanapoumia.

La kwanza ni mionzi. Ili rubani asome saa zake gizani bila kuwasha taa, mishale na tarakimu zilipakwa rangi yenye radiamu iliyochanganywa na kemikali inayong'aa inapopigwa na mionzi. Radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Kinachochoka mapema ni ile kemikali ya mwanga. Kwa hiyo saa isiyong'aa tena gizani ina mionzi karibu ileile iliyokuwa nayo mwaka 1943. Utaitambua kwa tarakimu zilizogeuka kahawia au manjano ya udongo, wakati mwingine zikiwa zimepasuka na kumeguka. Chembe hizo ndizo hatari yenyewe: zikivutwa puani au kumezwa, mwili huipeleka radiamu kwenye mifupa kama inavyopeleka kalisiamu, nayo hukaa huko.

Basi usifungue saa ya aina hiyo. Usiitoboe, usiikwangue, usipake rangi mpya juu ya tarakimu zake ili ipendeze. Ukiikuta kioo kimevunjika, itie kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko mwingine juu yake, nawa mikono, na utafute mtaalamu wa mionzi. Saa nzima isiyo na ufa inaweza kutunzwa, lakini iwe mbali na chumba cha kulala na watoto, mahali penye hewa, na usirundike nyingi pamoja kwenye kabati moja, kwa sababu radiamu hutoa gesi ya radoni inayojikusanya palipofungwa. Kipima mionzi kidogo si ghali kulingana na faida yake. Anayekusanya saa bila kuwa nacho anabahatisha. Na kamwe usiitupe kwenye jalala wala kuichoma. Kule Dalgety Bay, Uskoti, karibu na uwanja wa zamani wa Donibristle, ndege zilivunjwa baada ya vita, saa zake zikachomwa na majivu yakafukiwa karibu na pwani. Mwaka 1990 mionzi ikagunduliwa ufukweni. Usafishaji ulikamilika mwaka 2023.

La pili ni magnesiamu. Magurudumu na baadhi ya magamba ya injini yalitengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesiamu ili kupunguza uzito. Kwa macho inafanana na aluminiamu, ila ni nyepesi zaidi mkononi. Ukiisaga kwa grainda, unga wake unaweza kushika moto mkali ambao maji huuongeza badala ya kuuzima. Namna ya kuijua ni kuchagua sehemu iliyojificha, kukwaruza kidogo mpaka chuma kitupu kionekane, na kudondosha tone la siki. Magnesiamu itatoa mapovu papo hapo, aluminiamu itanyamaza. Suuza na ukaushe mara moja.

Halafu kuna rangi. Ile rangi ya msingi ya kijani au manjano iliyopakwa ndani ya ndege nyingi, hasa za Marekani, ina kromati, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Gasketi, vitambaa vya kuzuia joto na bitana za breki huweza kuwa na asbesto. Kwa vyote viwili kanuni ni moja: usikwangue vikiwa vikavu, na barakoa ya kitambaa haitoshi, tumia ile yenye kichujio cha vumbi jembamba.

Chunga pia vitu vilivyobana hewa. Miguu ya magurudumu ina hewa iliyoshindiliwa pamoja na mafuta, na hata baada ya miaka themanini nati moja ikilegezwa vibaya inaweza kurusha chuma usoni pako. Chupa za kuzimia moto za ndege za Uingereza zilijazwa bromidi ya methili, gesi yenye sumu. Ikiwa chupa bado ina uzito, usiifungue. Masanduku ya redio ya kuitambulisha ndege kwa rada za kirafiki yaliwekwa kilipuzi kidogo ndani, ili yajiharibu yasije yakaangukia mikononi mwa adui. Wapo waliofungua sanduku la namna hiyo mezani wakidhani wamepata redio ya kawaida. Bunduki za ndege nazo ni silaha kamili mbele ya sheria mpaka ziwe na cheti kwamba zimeharibiwa zisifyatuke tena, na risasi hazipaswi kuingia kwako kabisa.

Kwa waliopo Nyandarua, pembezoni mwa Mlima Kenya, au popote palipodondoshwa mabomu: ukikuta chuma chenye mapezi au mviringo usiouelewa, usikiguse, usikipige teke, usikibebe kwenda kwa mnunuzi wa skrepa. Weka alama ukiwa mbali na uwaite polisi. Bomu ambalo halikulipuka halizoei watu kwa kuzeeka.

Mezani

Ukisharidhika kwamba kipande ni halali na salama, piga picha. Kila upande, na rula ikionekana. Piga tena kila unapoondoa kitu, hata wosha ya skrubu. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayomtofautisha mkarabati na mvunjaji.

Tuseme una paneli ya aluminiamu yenye tope, mafuta yaliyokauka na skrubu zilizoshika. Anza na brashi laini ya kupakia rangi, ile ya manyoya, ukiipitisha bila kukandamiza. Tope likishuka, chukua pamba iliyochovywa kwenye maji yaliyokenekwa yenye tone la sabuni isiyo kali, iviringishe juu ya bati badala ya kusugua, na itupe ikichafuka. Endelea sentimita moja baada ya nyingine. Chini ya weusi huo mara nyingi hutokea mambo: mstari wa penseli wa fundi aliyepima mahali pa kutoboa, namba iliyoandikwa kwa brashi nyembamba, mchirizi wa rangi uliotiririka kwa sababu mpakaji alikuwa na haraka. Kiwandani walikuwa wakifanya kazi usiku na mchana, na wengi walikuwa wanawake ambao kabla ya vita hawakuwahi kushika drili. Msasa ukipita hapo, wanawake hao hawapo tena.

Upo pia ubaya wa kiufundi. Bati la ndege ni mchanganyiko wa aluminiamu na shaba kidogo, imara lakini linaliwa haraka na unyevu. Kwa hiyo watengenezaji walilifunika pande zote mbili kwa tabaka jembamba mno la aluminiamu safi. Gurudumu la kung'arishia au brashi ya waya huliondoa tabaka hilo, na bati lililong'aa kama kioo leo litakuwa na madoa meupe mwakani. Steelwuli ni mbaya zaidi, kwani huacha chembe za chuma zinazooza ndani ya bati na kulitoboa. Palipo na unga mweupe wa kutu ya aluminiamu, uondoe kwa kijiti cha mti au plastiki ngumu chini ya lenzi.

Sasa skrubu. Ndege za Uingereza zilitumia nyuzi za kipimo cha BA na BSF, za Marekani zilipimwa kwa inchi, za Kijerumani kwa milimita. Spana ya milimita kwenye nati ya Kiingereza itakwenda kidogo, kisha itateleza na kula kona. Nunua seti ndogo ya spana za BA kabla ya kununua kipande cha pili. Skrubu iliyoshika idondoshee mafuta ya kulegeza, iache hadi kesho, idondoshee tena. Ipashe joto kwa ncha ya pasi ya kulehemu risasi, si kwa moto wa gesi. Bisibisi ijae mfereji wa skrubu sawasawa, na jaribu kwanza kuikaza kidogo tu kabla ya kulegeza. Ukisikia ikitoa mlio mdogo mkavu, imekubali. Kila skrubu iingie kwenye mfuko wake wenye jina la tundu ilikotoka. Ile ya juu kushoto irudi juu kushoto.

Vioo vingi vya ndege za mabomu vilikuwa vya plastiki. Petroli, spiriti na dawa za kusafishia madirisha zenye amonia huvipasua nyufa nyembamba kama utando wa buibui, nazo hazirudi nyuma. Maji na sabuni laini vinatosha. Sehemu zilizofunikwa kitani na kupakwa dawa ya kukaza zishughulikiwe mbali na sigara na cheche, kwani dawa ile hushika moto upesi.

Mwisho wa usafishaji ni kinga. Nta nzuri ya makumbusho, nyembamba, ikifutwa kwa kitambaa cha pamba, inatosha kwa chuma kinachokaa ndani ya nyumba. Wahifadhi wengine hupaka Paraloid B-72, vanishi inayoyeyuka tena kwa asetoni hata baada ya miaka mingi. Sifa hiyo ya kuondoleka ndiyo kipimo cha kila unachokiongeza. Vanishi ya dukani inayoganda milele usiikaribishe. Kisha weka kipande pakavu, mbali na jiko na bafu, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Kurudisha upya au kuacha kilivyo

Mabishano ya wakusanyaji huishia hapa, na Halifax mbili zilizotolewa kwenye maziwa ya Norwei zinaonyesha pande zote mbili.

Ya kwanza, W1048, ilipigwa ikishambulia meli ya kivita Tirpitz mwezi Aprili 1942. Rubani akaitua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen, watu wote wakatoka hai, barafu ikayeyuka na ndege ikazama. Wazamiaji waliitoa mwaka 1973. Leo ipo Hendon, London, katika Makumbusho ya Jeshi la Anga, ikiwa karibu kama ilivyotoka majini: imetoboka, imekunjamana, rangi yake ya vita bado imeshika. Ya pili, NA337, iliangushwa Aprili 1945 ikipeleka misaada kwa wapiganaji wa Norwei, na aliyepona ni mpiga bunduki wa mkiani peke yake. Ilitolewa mwaka 1995 kutoka ziwa Mjøsa, zaidi ya mita 200 chini, ikasafirishwa hadi Trenton, Kanada, na watu wa kujitolea wakaifanyia kazi miaka kumi. Ukiiona sasa ungesema imetoka kiwandani wiki iliyopita.

Mimi naipenda zaidi ya Hendon. Ya Trenton inakuonyesha ndege ilivyokuwa, nayo ni kazi kubwa isiyopaswa kubezwa. Ya Hendon inakuonyesha kilichoipata. Lakini maji baridi yasiyo na chumvi yalizihurumia zote mbili. Ndege ya Kijerumani Dornier 17, iliyotolewa baharini huko Goodwin Sands mwezi Juni 2013 baada ya kukaa tangu Agosti 1940, ilibidi kuwekwa kwenye mahema marefu pale Cosford na kunyunyiziwa maji yenye asidi ya limau hafifu kwa miaka, ili chumvi na matabaka ya viumbe wa baharini viachie. Kwa hiyo mwenye kipande kilichotoka baharini asikiache kikauke mwenyewe juani: chumvi ikikauka ndani ya bati, hulichana vipande vipande. Kiweke kwenye maji safi, ubadilishe maji mara kwa mara, na uombe ushauri wa mhifadhi wa makumbusho kabla ya hatua nyingine.

Kwa kipande cha nyumbani, fuata kanuni hii: kikiwa na rangi na alama zake za asili, hifadhi tu. Kikiwa kimeshapakwa rangi ya kijani ya lango la shamba na mkulima wa mwaka 1950, una uhuru zaidi, ingawa hata rangi hiyo acha kona moja kama ushahidi. Sehemu uliyoiunda upya iandike mwaka kwa kalamu isiyofutika, upande usioonekana. Kuiga muhuri wa mkaguzi wa 1943 juu ya bati jipya ni ulaghai hata kama nia ilikuwa mapambo, kwa sababu wewe utakufa na bati litauzwa.

Mwisho ni daftari. Kwa kila kipande andika ulikinunua wapi, lini, kwa nani na kwa bei gani, mwuzaji alisema nini, na wewe umefanya nini juu yake, kemikali kwa kemikali. Bandika namba kwenye kipande na namba ileile kwenye daftari. Waambie watu wa nyumbani daftari liko wapi, ni saa zipi zina mionzi, na ni makumbusho gani yapigiwe simu usipokuwepo. Mikusanyiko mingi hupotea wiki ya mazishi, pale wajukuu wanapomwita mnunuzi wa skrepa kusafisha stoo. Kama tayari una kipande kimoja ndani, kiandikie lebo leo.